Mwanamke Aliyetaka Kazi ya Nusu Siku

Jumamosi, Bongwe. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, haina haraka wala haina dalili ya kuchoka. Nguo za watoto nilizozifua jana nimezianika ukumbini, na nyumba nzima inanuka unyevu. Zamani Jumamosi ilikuwa siku yangu ya pilikapilika, hoteli zikijaa wageni na wazazi wote wakiwa kazini. Leo hakuletwa mtoto hata mmoja. Nimekaa peke yangu barazani na chai iliyopoa, na sina raha.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi. Nikiliandika huenda likashuka.

Kwa asiyenijua: mimi ninalea watoto wa watu. Nyuma ya nyumba yetu kuna banda kubwa lenye sakafu ya saruji na mikeka, na humo ndimo wanamoshinda watoto wa wahudumu, wapishi na wasafisha vyumba wa hoteli za Diani, mama zao wakiwa kazini. Wananiita Bi Saumu. Majina ya wengine humu nimeyabadilisha, na yule mzee atakayetajwa huko chini hana habari na mambo ya blogu. Yeye anasema simu imeletwa duniani kwa ajili ya kupeana habari za msiba.

Na jingine mlijue mapema, msije mkanishangaa. Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku niliyozaliwa nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia. Nikipewa zawadi nauliza imetoka wapi. Mume wangu, ambaye ni mlinzi kwenye nyumba za kupangisha huko ufuoni, husema hata malaika akiniletea riziki nitamwomba kitambulisho.

Basi. Mwaka huu mambo yamekuwa magumu, nanyi mnajua. Wageni wamepungua, hoteli nyingine zimefunga vyumba vya juu vyote, na wafanyakazi wameambiwa wakae nyumbani wataitwa. Walioachwa kazini wanakwenda kwa zamu za kukatakata, leo ndiyo, kesho hapana. Kwa hiyo wazazi wangu wamekuwa wa nusu, watoto wamekuwa wa nusu, na mimi nikawa natafuta mfanyakazi wa nusu. Asubuhi tunatosha mimi na Faith, msichana wa bara anayekaa Ukunda. Saa za katikati ndizo zinazotuelemea, wakati watoto wote wanapotaka kula, kuoga na kulala kwa pamoja. Nilitaka mtu wa saa hizo tu.

Mngedhani katika hali hii ya njaa ningepata msururu wa watu mlangoni. Nami nilidhani hivyo.

Swali la kwanza kwenye simu lilikuwa lile lile: "Ni kazi ya siku nzima?" Nikisema hapana, naambiwa nauli ya tuktuk peke yake itakula kibarua chote. Wengine waliona haya. Mwanamke aliyekuwa msimamizi wa wasafisha vyumba hataki kuonekana Bongwe akipangusa kamasi za watoto wa wale wale aliokuwa akiwasimamia. Alikuja kijana mmoja aliyekuwa akichezesha watoto wa watalii hotelini, akaingia na rangi usoni, na mtoto wa kwanza alipomwona alilia mpaka akatapika.

Na wale waliokubali ndio waliokuwa wabaya zaidi, kwa sababu walikuwa na simu kifuani. Wanangoja kuitwa na hoteli. Mmoja aliitwa akiwa anamlisha mtoto wali. Kijiko kiko mdomoni mwa mtoto, simu ikalia, akasikiliza, akampa Faith kijiko, akavaa viatu. Simlaumu. Lakini mtoto yule alikuwa amekwisha kumzoea, na kwa siku kadhaa alikuwa akienda mlangoni kumtazamia. Mimi watoto wanaotazamia mlango siwezi kuwavumilia.

Ndipo akaja Bi Mishi.

Sikumtafuta, alikuja mwenyewe. Tayari hapo moyo wangu ulishtuka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanamke wa makamo kuelekea uzeeni, buibui safi, mkononi kikapu cha ukindu chenye kifuniko. Alisema amesikia ninatafuta mtu, kwao ni Msambweni, na kwa sasa yupo kwa dada yake Ukunda. Nikamwambia ni kazi ya nusu siku. Akasema, "Hiyo hiyo ndiyo niitakayo." Hakuuliza mshahara. Hakuuliza siku za mapumziko. Aliuliza jambo moja tu: watoto huja kuchukuliwa saa ngapi?

Nikamjibu saa tisa. Akasema, "Basi mimi, kwa idhini yako, nitakuwa naondoka saa nane na nusu." Na alipoondoka siku ile alipita mlango wa uani.

Niambieni ninyi. Mtu gani katika mwaka kama huu hakuulizi mshahara?

Nikaanza kukisia. Kwanza nikasema ni jasusi wa yule mama mwenye kituo kipya Ukunda, aliyekuja kunitazamia wazazi wangu awaibe. Kisha nikasema ametumwa na wakwe zangu aje aone ninavyoishi na mtoto wao. Siku moja nikafika mpaka kwenye uchawi, astaghfirullah, kwa sababu tu nilimkuta akimpima mtoto kwa uzi, kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alipoona ninamtazama aliukunja uzi akautia kwapani na kuniuliza kama maharagwe yameiva.

Na lafudhi yake. Msambweni nina shangazi zangu, najua wanavyosema. Huyu maneno yake yalitoka kusini zaidi, huko mwisho wa barabara. Nikaweka moyoni kwamba ananidanganya kuhusu kwao, na nikangoja.

Lakini kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa akiingia bandani makelele yakashuka. Watoto aliwaogesha bila maji kuingia hata jicho moja. Aliwasuka nywele wasichana wakiwa wamelala, kichwa kikiwa mapajani mwake, na hawakuamka. Faith alimpenda kuliko anavyonipenda mimi. Nami nikafurahi kidogo, na furaha yenyewe ikanitia wasiwasi, maana mtu akikupumzisha sana unaanza kujiuliza anakutayarishia nini.

Kulikuwa na mwingine wa kushukiwa wakati ule, mama wa mtoto mmoja. Nimwite Mwanakombo. Ni mhudumu wa mezani hotelini, binti mpole, ana mtoto wa miaka mitatu anayeitwa Rukia. Aliachwa na mumewe mwaka jana kwa ujumbe wa simu. Talaka ya ujumbe wa simu, ndugu zangu! Siku alipomleta Rukia kwangu aliniambia sharti moja: mtoto asionwe na mtu yeyote wa upande wa baba yake. Watu wenyewe ni wa Vanga, na babu mzaa mama wa mtoto, Mzee Omari wa hapa hapa Bongwe, amekwisha kuapa. Nikamwahidi.

Sasa Mwanakombo huyu, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kumchukua mtoto, akaanza kuchelewa. Na si kwamba alikuwa kazini. Nilimwona kwa macho yangu amesimama kwenye kibanda cha kutuma pesa pale ng'ambo ya barabara, hatumi wala hapokei, anatazama upande wa nyumba yangu, kisha ndipo anavuka. Nikasema huyu naye ana lake. Labda ana mchumba. Labda anataka kumhamisha mtoto na haya inamzuia kuniambia.

Jumanne ya wiki hii tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na Faith. Bi Mishi alikuwa anawalisha watoto. Tukamsikia akisema, "Mke mwenza, hebu sogea huko. Mume wetu akirudi na samaki, kichwa nitakula mimi." Na sauti ndogo ikajibu kwa hasira, "La, mimi! Wewe huna meno!" Bandani wakacheka wote.

Faith akaniuliza, "Madam, mbona huyu mathe anamuita Rukia mke mwenza kila saa? Si huyo ni mtoi tu? Kwetu hiyo ni matusi."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba huku kwetu ndio utani wa bibi na mjukuu. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, wa kike ni mke mwenzake, wanagombania babu. Bibi yangu mzaa mama alinitukana matusi ya ukewenza mpaka siku alipofariki, na sijapata kupendwa na mtu namna ile tena. Nikamwambia Faith kwamba hata mwanamke mzee asiye bibi yako anaweza kukutania hivyo, hakuna ubaya.

Nikiwa bado nasema, mkono wangu ukasimama ndani ya sufuria.

Kwa sababu wale wasichana wengine wote Bi Mishi huwaita "mwanangu". Wavulana huwaita "baba". Tangu aje, ukewenza alikuwa nao kwa mmoja tu.

Yote yakajipanga kichwani. Lafudhi ya Vanga. Kuondoka kabla ya wazazi kuja. Mlango wa uani. Yule hakuwa jasusi wa mtu. Alikuwa mama yake yule mwanamume wa ujumbe wa simu, na nilikuwa nimemkabidhi mtoto niliyeahidi kumficha, nikampa na sabuni ya kumwogeshea.

Mtu mwenye akili angekwenda kumwuliza. "Bi Mishi, huyu ni mjukuu wako?" Maneno sita. Lakini mtu wa kushuku haulizi, anatafuta. Jumatano, alipoingia chumbani kwangu kuswali adhuhuri, kikapu chake alikiacha jikoni. Nikakifungua.

Naandika hivi na uso unaniwaka. Mwanamke yuko kwenye sijida, nami ninapekua kikapu chake.

Ndani mlikuwa na gauni jipya la mtoto, la kijani, refu, limeshonwa kwa mkono na limefungwa kwenye kanga. Mlikuwa na ushungi mdogo wa rangi hiyo hiyo. Viatu vipya vya mtoto. Na mkate wa kumimina uliofungwa vizuri kwenye karatasi, kama wanavyofungiwa wasafiri.

Nikakifunga kikapu haraka. Kule Vanga mpaka wa nchi uko pale pale. Mtoto akipakiwa chomboni na baba yake, kabla ya magharibi yuko nchi nyingine, na mama yake atazunguka na karatasi za mahakama mpaka azeeke. Visa hivyo tumevisikia, na si kimoja. Sikulala vizuri. Sikumwambia mume wangu kwa sababu angesema "muulize", nami sikutaka kuambiwa hivyo.

Alhamisi nikampigia simu Mwanakombo akiwa kazini. Nikamwambia Rukia ana homa, aje mapema, aje sasa. Rukia hakuwa na homa yoyote, alikuwa amekaa mkekani anakula embe mbivu. Nikaufunga mlango wa uani kwa kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni. Nilijiona hodari sana. Nilijiona mlinzi.

Mwanakombo alifika mbio, bado na sare ya hoteli, viatu vimejaa tope. Alitoka kazini, na siku hizi mtu hatoki kazini akajua atairudia. Akaingia bandani akiita, "Yuko wapi?"

Bi Mishi alikuwa ameketi, na Rukia kichwa mapajani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Akainua macho.

Nilingojea ukelele. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitasimama wapi.

Hapakuwa na ukelele. Mwanakombo alikaribia, akapiga magoti pale pale kwenye mkeka, akaushika mkono wa yule mwanamke na kuubusu. "Shikamoo mama." Na Bi Mishi akajibu, "Marahaba mwanangu. Hujambo?" Akajibiwa hajambo. Akauliza wazazi, akajibiwa hawajambo. Akasema, "Mwenyezi Mungu awaweke." Machozi yalikuwa yanawatoka wote wawili na hawakuyapangusa, waliendelea na salamu mpaka zikaisha, maana hakuna aliyejua kitakachofuata salamu.

Kisha Mwanakombo akamchukua mtoto. Rukia akasema kwamba nywele hazijaisha.

Bi Mishi akainuka, akakunguta mkeka wake, akachukua kikapu. Lile furushi la gauni akalitoa akaliweka juu ya meza, hakusema ni la nani. Alipofika kwangu alinitazama bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nisamehe, Bi Saumu. Nilikudanganya kuhusu kwetu," akasema. "Mimi ni wa Vanga." Akatoka, safari hii kwa mlango wa mbele.

Mwanakombo alibaki barazani amempakata mtoto. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayengoja shukrani, kwamba nimelivumbua jambo kabla halijawa kubwa. Akaniambia polepole, "Nilikuwa najua."

Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku za mwanzo kabisa, mtoto aliporudi nyumbani amesukwa. "Mkono ule naujua. Ndio ulionisuka mimi siku ya harusi yangu." Alisema hana ugomvi na mkwewe. Aliyemwacha ni mwanawe, na mama mtu alilia kuliko yeye. Alikuwa akisimama pale ng'ambo ya barabara makusudi, mpaka ahakikishe Bi Mishi amekwisha kuondoka, ndipo aje. Mmoja anatoka kwa nyuma, mwingine anaingia kwa mbele, na mtoto anapata bibi. Hawakuwahi kupatana hata kwa neno moja. Kila mmoja alimwachia mwenzake njia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ingekuwa nimesema. Na wewe ungekuwa umesikia."

Ndipo akaniambia kiapo chenyewe kilivyokuwa. Mimi nilijua Mzee Omari ameapa, lakini sikujua maneno. Siku ile ya talaka, mbele ya majirani, mzee aliapa kwa jina la Mungu kwamba siku binti yake atakaposimama uso kwa uso na watu wa nyumba ile, radhi yake ameiondoa. Uso kwa uso. Hakusema kitu juu ya nywele. Hakusema kitu juu ya mtoto kulishwa wali na mtu ambaye mama yake hakumwona. Mwanakombo alikuwa ameishi ndani ya maneno yale, amejikunyata pembeni, kwa miezi, ili asimwasi baba yake na asimnyime mtoto damu yake.

Nami nikampigia simu nikamleta uso kwa uso.

Kuhusu gauni, lilikuwa la chuoni. Rukia anaanza kwenda chuo mwezi ujao kujifunza alifu na be, na kwao Vanga nguo ya kwanza ya chuo hushonwa na bibi mzaa baba. Mkate ndio huo huo, wa kuwagawia watoto siku nguo inapotolewa. Bila shaka Bi Mishi alikusudia kulitia furushi ndani ya mfuko wa mtoto bila jina lolote, na Mwanakombo angelipokea bila swali. Haya nilielezwa na binti mwenye sare iliyolowa, anayejua kwamba kazini ataulizwa homa ya mtoto iliishia wapi.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtoto hatamleta tena. Amekwisha kumwona mama yule kwa macho yake, na akiendelea, baba akija akamwuliza, uongo hatauweza.

Jana, baada ya swala ya Ijumaa, nilikwenda kwa mwalimu wa chuo chetu. Nikamweleza bila kutaja majina, naye akanitazama kama mtu anayeyajua majina yote. Akasema yamini ya kukata udugu haifai kushikiliwa. Aliyeapa aivunje, atoe kafara ya kulisha maskini kumi, na jambo liishe. Nikasema maskini kumi mwaka huu hatutawatafuta mbali, tukisimama mlangoni watapita. Hakucheka. Akasema, "Lakini aliyeapa ni yeye, si wewe. Kafara hiyo huwezi kumtolea mtu asiyeitaka."

Kutoka pale nikapanda tuktuk mpaka Ukunda, nyumbani kwa dada yake Bi Mishi. Dada akanikaribisha vizuri, akanipa maji, akaniambia kwamba Bi Mishi amerudi kwake kwa gari la asubuhi, na kwa mvua hii hajui hata kama barabara imempitisha. Hakuniuliza mimi ni nani. Nadhani alijua.

Jioni Mwanakombo akaniletea ujumbe. Ameandika: "Baba ameuliza mbona mtoto yuko nyumbani. Nimemwambia kwako kumekosekana mtu wa kuwaangalia."

Nimeusoma mara nyingi. Amenisitiri mimi na amejisitiri yeye, na neno la uongo humo sijaliona.

Leo asubuhi simu imelia mara mbili, watu wanaulizia ile kazi. Wa kwanza aliuliza kama ni ya siku nzima. Wa pili alisema ya nusu siku inamfaa, na kabla hajamaliza kusema nikajikuta nikimsikiliza lafudhi. Nikamwambia nitampigia. Faith amenitumia sauti akiniuliza Jumatatu tutafanyaje, kwa sababu mama watatu wana zamu ya mchana na sisi wawili hatutatosha. Sijamjibu, kwa kuwa sijui.

Ninachojua ni hiki, na nakiandika ili nisipate mahali pa kukimbilia. Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa Mzee Omari. Nitakwenda peke yangu. Nitamwambia kwamba binti yake hakusimama uso kwa uso na mtu kwa hiari yake, ni mimi niliyemdanganya kwa homa isiyokuwapo na nikafunga mlango. Kama radhi imeondoka, niliyeiondosha ni mimi, na haistahili binti yake alipe. Nitamweleza habari ya kafara. Mchele nitatoa mimi, kupika nitapika mimi, yeye aseme neno moja tu. Na akilisema, nitapanda gari la Vanga hata kama ni kwa tope la magotini, nimrudishe mwanamke yule, si kwa ajili ya kazi. Ingawa kazi ipo, na mtu mwingine wa kuifanya hayupo.

Naogopa. Nikimwambia mzee kwamba wameonana, huenda nikawa nimevunja mara ya pili kile nilichokivunja mara ya kwanza. Nikinyamaza, Rukia atakua akiambiwa kwamba watu wa baba yake walimsahau.

Mzee atanikaribisha, maana ni mtu wa heshima. Nitakaa mkekani pake na kumwambia kwamba binti yake hana kosa, kwamba yule bibi alikuwa na nia njema, kwamba nami sasa nimekuja kwa heri, sitafuti wateja wala mfanyakazi. Atanisikiliza mpaka mwisho. Lakini ataniamini?

Mimi ningekuwa yeye, nisingeniamini.